Kadi ya bima au kodi ya kibanda

Leo mvua imefukuza wateja hapa Memorial, soko letu la mitumba Moshi. Nikatoa kadi za bima kwenye pochi, yangu na ya mwanangu, nikaziangalia kama mtu aliyefuatwa na mdai wake. Zinaisha mwezi huu, na kodi ya kibanda nayo iko mlangoni.

Mwaka mzima yangu nimeitumia mara moja. Nikafika dirishani: "Dawa hii haimo, kanunue nje." Nikanunua nje.

Enzi zile tulikuwa na CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6. Unaanzia zahanati, wakishindwa wanakupa rufaa hadi Mawenzi, hospitali ya mkoa. Ile hata muuza mitumba alilipa bila kukopa kikoba.

Mama kasema, "Ukiacha bima, usije ukatufungulia grupu la mchango." Nilicheka, ila neno limenikaa. Mjomba alipofanyiwa operesheni tulichanga ukoo mzima, na bado ng'ombe wa maziwa akauzwa.

Basi nimekata shauri nusunusu: mtoto abaki, mimi natoka, hela yangu iingie kibubu. Nawe presha, nakuomba utulie hadi msimu wa masweta.