Magee na yule mwenzake

Leo ni tarehe 11 Desemba, na kila ikifika siku hii namkumbuka John Gillespie Magee, rubani wa ndege za kivita aliyekufa 1941 akiwa na miaka 19. Si jamaa yangu. Nilimjua kwa shairi lake, mistari 14 tu ya raha ya kuruka juu kabisa, na tangu hapo hanitoki. Huku kwetu Port Reitz ndege zatupita juu ya mabati kutwa, watoto washazoea hata hawaangalii, lakini mimi bado huinua kichwa.

Kijana alizaliwa Shanghai, babake mmishenari Mmarekani, mamake Muingereza. Alikuwa ashapata skolashipu ya chuo kikuu cha Yale huko Marekani, akaiacha, na kwa vile Marekani ilikuwa haijaingia vitani akavuka hadi Canada akajiunga na jeshi la anga la kule, Oktoba 1940. Mimi hapo hukwama kabisa. Mwana aje akwambie mama, chuo baadaye, mi naenda kurusha ndege vitani, utamjibu nini? Nami nna wangu wa umri huo huo humu ndani, mpaka leo kumuamsha asubuhi ni kazi.

Mwaka haujaisha ashakabidhiwa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, huko Uingereza. Akapanda zaidi ya futi 30,000, akashuka akaandika lile shairi, mwezi wa tisa akawatumia wazazi wake kwenye barua. Mwezi wa kumi na mbili hayupo.

Na hakuuliwa na adui. Walikuwa wanashuka Spitfire nne kupitia upenyo wa mawingu kule Lincolnshire, na chini ya mawingu kukawa na ndege ya mafunzo, aina ya Oxford, yapita zake. Zikagongana, kama futi 1,400 hivi kutoka ardhini. Mkulima mmoja aliona, akasema yule wa Spitfire alikuwa anahangaika kusukuma kile kifuniko cha kioo, mwishowe akasimama akaruka, lakini ardhi ishakuwa karibu mno na parachuti haikuwahi kufunguka. Yaani kutoka alitoka, maskini. Na siku hiyo hiyo Ujerumani ikatangaza vita na Marekani, ile vita aliyoitangulia mwenyewe.

Lakini aliyenikalia moyoni mwaka huu ni yule wa ndege ya pili. Alikuwa aitwa Ernest Griffin, bado yuajifunza urubani, miaka 19 vilevile, naye akafa. Magee amekumbukwa jamani, jiwe la kaburi lake pale Scopwick limeandikwa maneno ya shairi lake, na 1986 chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kilipolipuka na watu 7 ndani, Rais Reagan alimalizia hotuba yake kwa maneno hayo hayo. Sioni ubaya, maneno ni mazuri na kijana alistahili. Ila Griffin yeye hutajwa kwa mstari mmoja tu, kama ndege iliyogongwa, basi.

Sisi Mombasa tuna sanamu za maaskari wa Vita vya Kwanza pale mjini, watu wapita na mikokoteni na tuktuk, na wale waliokusudiwa kukumbukwa hapo majina yao hayakuandikwa. Kila nikipita najiuliza nani alikuwa mwana wa nani. Na majumbani mwetu si hivyo, ikisomwa hitma hutajwa wafu wote wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, hakuna anayeuliza huyu aliacha nini.

Kwa hivo kwenye kalenda yangu ya jikoni leo nimeandika majina yote mawili. Mamake Griffin naye hakosi alikuwa na barua zake ndani ya kasha, hazina shairi labda, lakini sijaona kijana wa miaka 19 aliye mbali na kwao asiyemuandikia mamake kuomba kitu.