Ubeti wa Tatu

Juzi binti yangu alikuwa akitazama filamu ya zamani ya Kihindi, mara akanijia mbio jikoni akisema kwa uchungu, "Mama, Wahindi wamemwibia Juma Bhalo!" Nikamweleza kwamba mambo ni kinyume: waimbaji wa taarabu wa Mombasa ndio walioyachukua mahadhi ya filamu hizo wakayatilia maneno ya Kiswahili, na mengi ya maneno aliyoyaimba Bhalo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir. Akauliza, "Basi wimbo ni wa nani?" Sikumjibu, moyo ulikuwa umesharudi mtaani Kibokoni, Mombasa, usiku wa hina wa dada Mwanaisha.

Nilikuwa na umri wa miaka 16, na shairi nililolighani lilikuwa la beti saba. Sita nilizitunga mwenyewe; wa tatu niliuchukua kwa bibi, aliyezoea kuughani akikuna nazi: "Chombo kikosapo tanga, nahodha hana amri." Bibi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, na nilipoufikia ubeti ule niliiona midomo yake ikienda pamoja na yangu, neno kwa neno, bila sauti, huku wanawake wakipiga vigelegele na kunitunza noti. Nikaendelea hadi kaditama, nikalitaja jina langu kama ilivyo desturi ya watunzi wetu. Bibi akainamisha uso, akaanza kukunja upindo wa kanga yake, akaukunjua, akaukunja tena.

Somo wa bibi harusi akaniuliza, "Ubeti wa tatu umeutunga weye?"

Nikasema, "Naam, mama."

Bibi hakuinua uso. "Mjukuu wangu ana kipaji," akasema.

Nilipomwomba radhi usiku ule, aliniambia kwamba yeye naye aliusikia kwa shangazi yake, ambaye hakusema kama ni wake. Muyaka, yule mshairi wa Mombasa, alifariki 1840, na tungo zake nyingi zilisalia vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika, ndipo tukazijua kuwa ni zake. Za akina shangazi yake bibi hazikupata mwandishi, na mwandishi wa kwanza kuutia ubeti ule karatasini, yaani mimi, aliuwekea jina lisilo lake.

Karatasi ile ningali nayo. Kando ya ubeti wa tatu nimeandika kwa penseli "wa Bibi", nikafuta, kisha nikaandika tena.