Nilivyowachagua samaki wa Tanganyika wakapatana kwenye tangi moja

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50, yaani lita 300. Niliamua liwe la samaki wa Ziwa Tanganyika peke yao, na sababu ya kwanza ni maji. Maji ya ziwa lile ni magumu, pH yake (kipimo cha asidi au ualkali wa maji) inakaribia 9, wakati neoni, samaki wadogo wa Amazoni, wanataka maji laini yenye asidi kidogo. Ukiwachanganya, lazima upande mmoja uteseke. Mchanga wa matumbawe unanisaidia kuishikilia pH, na hita nimeiweka nyuzi 25.

Muuzaji alinishauri, "Kaka, hawa wote wa ziwa moja, changanya tu." Sikukubali. Ziwa moja lina mitaa mingi, kwa hiyo kila samaki niliyempenda nilimtafutia majibu mawili: kwao anakaa wapi, na anakula nini?

Mchangani niliwaweka Neolamprologus multifasciatus, ndugu wa mbali wa sato, tena ni miongoni mwa wadogo kabisa wa ukoo huo. Jike ana sentimita 3 hivi. Wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, nami nimewamwagia makombe tele upande wa kushoto. Sogea kwenye kioo umtazame dume: anajaza mchanga mdomoni, anatoka nao, anautema pembeni, anarudi kuchota mwingine, mpaka kombe linabaki katikati ya shimo. Nikiingiza mkono kusafisha, anaufuata na kuugonga. Lakini ukali wake unaishia hapo hapo kwenye makombe yake, na hilo ndilo lililonifanya nimpende.

Upande wa kulia nimepanga mawe yenye nyufa nyingi kwa ajili ya Julidochromis ornatus. Hawa ndio wakorofi. Nilinunua sita wadogo nikawaacha wachaguane wenyewe. Wawili waliposhikana wakaanza kuwafukuza wengine, nikawatoa wale wanne siku hiyohiyo. Niliwaingiza mwisho, wenzao wakiwa wameshazoea, maana wakitangulia wao hulihesabu tangi zima kuwa lao. Kati ya mawe na makombe nimeacha mchanga mtupu. Ndio mpaka, na mpaka sasa unaheshimiwa.

Juu palikuwa wazi, na huko, kabla ya Julidochromis, nilikuwa nimeleta kundi la Cyprichromis leptosoma kumi na wawili. Ni wapole, kwao hula vijidudu vinavyoelea majini, hawana haja na mawe wala makombe. Wanaruka sana, kwa hiyo mfuniko ni lazima. Ni kwa ajili yao nilimwacha frontosa, samaki mwingine wa ziwa hilo, pamoja na uzuri wake wote: hupita sentimita 30, na kule ziwani hawa Cyprichromis ni kitoweo chake.

Aliyeniuma kumwacha ni Tropheus, naye wa ziwa hilohilo. Yeye hukwangua mwani kwenye mawe na ana utumbo mrefu wa kusagia majani. Akizoea vyakula vya nyama, tumbo huvimba na mara nyingi hufa. Aina zangu zote tatu nazilisha artemia na dafnia, vijidudu vya majini, basi chungu chao hakiwezi kuwa kimoja. Tropheus nitawawekea tangi lao wenyewe, kundi la kumi na wawili au zaidi ili ugomvi wao usimwangukie mmoja, na chakula kiwe cha mwani.