Tulivyoinusuru nyumba ya babu Kigamboni isiuzwe

Tangu daraja la kuvukia toka mjini Dar es Salaam lifunguliwe 2016 madalali Kigamboni hawalali, kila mara kuna mtu anapita kuuliza hili shamba la nani. Nyumba ya babu ni ile ya Kiswahili ya miti na udongo, baraza mbele, ukumbi katikati vyumba huku na huku, uani kisima na jiko la kuni. Nusu ya ukoo walitaka iuzwe wagawane hela. Mi nilikataa katakata, nyumba hizi zinaisha, watoto wetu wataishia kuziona Kijiji cha Makumbusho tu.

Nikaulizia sheria, kumbe ile Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ya baada ya hapo mpaka waziri atangaze, kwahiyo yetu ilikuwa juu yetu wenyewe. Tukaitisha kikao cha ukoo, shangazi mkubwa akasema babu yenu kazikwa hapa hapa nyuma ya mwembe, na yeye mtamuuza? Watu kimya. Tukaandika muhtasari, wote wakasaini, nakala ikaenda serikali ya mtaa.

Sasa kazi yenyewe. Fundi mmoja alitaka kupiga plasta ya saruji, mzee wa hapo mtaani anayejua kukandika akakataa, akasema unyevu ukipanda toka chini saruji inauzuia kutoka, udongo unalainika ndani kwa ndani huku nje unaona ukuta mzima. Yule mzee ni hazina jamani. Tukatoa fito zilizoliwa na mchwa tukafunga mpya, vijana wakakanyaga udongo mwekundu, alafu paa tukalishusha zaidi kwa mbele maana mvua ya masika ikipiga ukuta umekwisha. Makuti walisuka kina mama majirani, wakalipwa, na hapo ndo naona mtaa mzima ulianza kuiona nyumba ni yao, hata vijana waliokuwa wanachomoa fito kwenda kupikia wakaacha.

Siku hizi shule zinaleta watoto, wanatwanga, wanakuna nazi kwa mbuzi, wanateka maji, wanagombania kinu mpaka raha. Kina mama wanauza wali wa nazi na samaki na chao wanachukua wenyewe. Kiingilio kinaenda kwenye matengenezo tu, makuti hayadumu kama bati, na saivi tunakusanya ya kuezeka upande wa uani kabla ya masika, mshika hela shangazi.