Siku moja na laini ya Micheweni

Saa 1:00 asubuhi niko ofisi ya umeme, Chake Chake, Pemba. Ripoti ya usiku, chai, simu mbili za mafundi. Hadi saa 4:00 hakuna la kusimulia.

Wengi hudhani sisi ni watu wa kuzima na kuwasha. Kazi yangu ni kujua umeme ulivyo mahali ambapo hakuna chombo cha kuupimia. Tangu 2010 Pemba inaupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na pale unapoingia tunapima kila kitu. Lakini laini yangu ya kaskazini, pamoja na transfoma zake zote, ina vipimo 3 tu vinavyotuma taarifa. Kwingine najazia kwa matumizi ya mwezi uliopita, kisha programu ya kompyuta inatafuta hali inayokubaliana zaidi na taarifa zote, kipimo kikipewa uzito zaidi kuliko kadirio. Njia hii aliiandika Fred Schweppe, Marekani, mwaka 1970, na gridi kubwa zinaitegemea hadi leo.

Saa 4:00 ikalia simu. Bibi mmoja wa Micheweni, muuza barafu, mara ya tatu wiki hii.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeme mdogo. Friji haligandishi, mifuko yote maji."

Nikatazama skrini, kipimo cha mwisho wa laini, kwao Micheweni: volti 226. Nikamwambia uko sawa.

"Sawa huko kwako." Akakata.

Neno lile lilinikaa. Nikafungua kumbukumbu: alfajiri 226. Jana magharibi, kila nyumba imewasha taa, 226. Juzi pia. Umeme haukai hivyo! Kipimo kimekwama, kinarudia namba ile ile. Programu humkamata mwongo kwa kumlinganisha na mashahidi wengine. Kipimo kilicho peke yake mwisho wa laini hakina wa kukipinga, na makadirio yetu dhaifu huinama yakakifuata. Shahidi wa pili alikuwa bibi, nami nilimkatalia mara tatu. Hilo liliniuma.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Gari la mafundi lilikuwa Mkoani. Likaja, likakosa mafuta. Mvua ikawashika Konde. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, bibi akapiga tena mara mbili. Fundi alipofika akasoma kwa mita ya mkono: 198. Mpaka wa chini ni 207, yaani 230 kasoro asilimia 10. Nikakitoa kile kipimo, nikaweka 198, nikakokotoa upya. Mkia wote wa laini uko chini, hata vijiji ambavyo hakuna aliyelalamika. Tukazima, fundi akapandisha tapu ya transfoma, swichi ya kuongeza au kupunguza volti, hatua mbili, tukawasha. 208.

Nilipaswa kuwa nyumbani tangu saa 10:00. Nikabaki, maana mzigo mkubwa wa umeme, yaani matumizi, huja usiku. Saa 2:00 fundi akasoma 203.

Nikampigia bibi, nikamwomba radhi, nikamwambia bado hatujamaliza.

"Friji linanguruma sasa, mwanangu. Asubuhi nitakupa habari ya barafu."

Nimeandika namba yake karibu na skrini. Kesho tunaanza na transfoma 4 zilizo jirani na kwake.