Pamba juu ya samaki si chanzo cha kifo

Samoni anapopanda mto wa Scotland mwezi wa Novemba akiwa na mabaka meupe kichwani na mgongoni, kama aliyebandikwa pamba, wanaomwona husema ameuawa na ukungu. Mfugaji wa Ruiru akiona pamba hiyo hiyo kwa kambare wake Julai, husema vivyo hivyo na kukimbilia dawa. Wote wawili wanamlaumu fisi kwa mnyama aliyeangushwa na simba.

Pamba hiyo huitwa Saprolegnia, na inayowasumbua samoni zaidi ni Saprolegnia parasitica. Tunaiita ukungu kwa mazoea tu. Kinasaba iko karibu na mwani wa kahawia kuliko uyoga, na jamaa yake ndiye aletaye blaiti ya viazi kule Nyandarua mvua ikizidi. Kwa hiyo dawa nyingi zilizotengenezwa kuua kuvu halisi hazipati pa kushika. Spora zake, yaani mbegu zake ndogo mno, huogelea kwa vijimkia na ziko karibu katika kila maji baridi yasiyo na chumvi. Chemsha punje chache za ufuta, zidumbukize katika glasi ya maji ya bwawa, na baada ya siku tatu au nne zitaota nywele nyeupe. Usishtuke: umethibitisha tu kwamba bwawa ni bwawa.

Swali la maana ni nani aliyefungua ngozi. Samaki mzima hulindwa na ute, ambao hunasa spora na kuzimwaga kabla hazijaota. Samoni akiingia mtoni kutoka baharini huacha kula, homoni za uzazi hubadilisha ngozi yake na kudhoofisha kinga, madume huumana, majike huchimba changarawe kwa mkia ili watage. Yote hayo hutokea maji yakiwa baridi, wakati kidonda kinapona polepole na Saprolegnia haina shida na baridi. Katika miaka ya 1960 mito ya Ireland, kisha ya Uingereza, ilijaa samoni wenye vidonda vilivyoanzia kichwani pasipo na magamba. Ukungu ulikuja baadaye, juu ya vidonda hivyo.

Mtoni hakuna dawa ya kumwaga. Kinachowezekana ni kutomchubua samaki: lowesha mikono kabla ya kumshika, tumia wavu usio na mafundo, mfungue ndoana akiwa bado majini. Wanaovua trauti katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya, ambako samaki hao waliletwa tangu 1905, wana sababu hiyo hiyo ya kufanya hivyo kila wanapomrudisha samaki.

Huku kwenye mabwawa, simba huwa ni wavu wa kukokota asubuhi yenye baridi, ndoo iliyojazwa vifaranga kupita kiasi, au safari ndefu bila hewa. Julai maji hupoa, tilapia hupunguza kula, na mchubuko ambao Februari ungepona wenyewe hugeuka pamba. Kama lazima uhamishe samaki msimu huo, subiri jua lipashe maji kidogo.

Kabla ya kutibu, hakikisha ni yenyewe. Ndani ya maji nyuzi zake husimama na kupepea. Ukimtoa samaki, nyuzi hizo hulala chapa kama kamasi ya kijivu. Ikiwa baka ni la manjano-manjano, limekaa mgongoni kama tandiko la punda, na maji ni ya vuguvugu, shuku bakteria. Hadubini ya mara 100 humaliza ubishi: Saprolegnia ni nyuzi nene zenye matawi, zisizo na kuta za kuzigawa.

Kwa samaki wachache, tumia chumvi gramu 10 kwa lita, yaani kilo 1 katika pipa lenye lita 100 za maji. Iyeyushe kabisa kwanza, kwa sababu punje zikigusa mashavu huyaunguza. Weka pampu ya hewa, muache samaki dakika 10 hadi 20, na akilala ubavu mrudishe mara moja katika maji safi. Usiwaze kutibu bwawa zima hivyo: bwawa la mita za mraba 300 lenye kina cha mita 1 ni lita 300,000, na hata gramu 1 tu kwa lita ni kilo 300 za chumvi.

Mayai ndiyo yenye hasara kubwa. Yai lililokufa hugeuka jeupe, huota pamba, kisha nyuzi zake huyakumbatia mayai hai ya jirani na kuyakosesha hewa. Ya kambare huanguliwa kwa saa 24 hadi 36 kwenye nyuzijoto 25 hadi 28 za Selsiasi, kwa hiyo kupasha maji kunasaidia kuliko dawa. Ya trauti hukaa kama mwezi mmoja kwenye nyuzijoto 10, na hapo dawa inahitajika: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6, mililita 830 kwa lita 100, dakika 15 kwa siku. Formalini ya asilimia 37 hutumika mililita 1 hadi 2 kwa lita kwa muda huo huo, ukivaa glavu mahali penye upepo. Iliyoganda mashapo meupe itupwe, ni sumu zaidi. Malakaiti ya kijani hufanya kazi vizuri kuliko zote, lakini Ulaya na Marekani imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa. Iache kwa samaki wa mapambo.

Kidonda kikizama hadi kwenye nyama, weka chumvi kando. Aphanomyces invadans, jamaa wa Saprolegnia aliyegunduliwa katika samaki wa mito ya Chobe na Zambezi mwaka 2007, huchimba ndani ya misuli, na kambare humpata. Usiuze wala kuhamisha samaki hata mmoja. Muite afisa wa uvuvi wa kaunti aje achukue sampuli.