Diski mpya, anwani za zamani

Ukihamisha mifumo yako endeshi (kwangu ni Debian, aina ya Linux, na Windows) kwenda SSD mpya, yaani diski ya kisasa, na kompyuta ikagoma kuwaka, usikimbilie kunakili upya. Mafaili yako karibu kila mara ni mazima. Kilichoharibika ni anwani, na nyingine wala hazikai kwenye diski.

Kwenye mashine za UEFI (programu ya bodi kuu inayoamsha kompyuta za kisasa), orodha ya mifumo ya kuwasha huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya bodi kuu, na kila jina humo limefungwa kwenye patisheni fulani, yaani sehemu moja ya diski. Chomoa diski ya zamani, na orodha inabaki ikimwita mtu aliyehama.

Nilianza na Debian. Mafaili niliyahamisha kwa rsync, inayonakili faili moja moja, kwa hiyo patisheni mpya zina UUID (namba za utambulisho) mpya, huku /etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kupachika, ikishikilia za zamani. (Ukinakili kwa dd, inayonakili diski nzima ilivyo, mambo yanageuka: UUID zinafanana, na diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, hujui umewasha ipi. Chomoa moja.) Niliwasha kwa fleshi ya Linux, nikahakikisha /sys/firmware/efi ipo, isipokuwepo, fleshi imewaka kwa mtindo wa zamani na kazi yote ni bure. Kisha nikapachika patisheni ya mfumo na ile ya EFI (inayobeba faili za kuwashia), nikaunganisha /dev, /proc na /sys kwa mount --rbind, nikaingia kwa chroot, yaani kufanya kazi ndani ya Debian iliyo kwenye diski. Humo ndani: blkid (huonyesha UUID mpya), sahihisha fstab, grub-install, update-grub (GRUB ni programu ya kuchagua mfumo wa kuwasha). Debian ikawaka.

Windows ikabaki na kosa la kuwaka 0xc000000e. Dawa ni fleshi ya Windows: fungua diskpart, ipe patisheni ya EFI herufi S, kisha andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, inayoandika upya faili za kuwashia Windows. Angalia herufi kwanza, kwani ukiwa kwenye fleshi, C yako inaweza kuitwa D. Na kama umetumia BitLocker (ufungaji wa diski wa Windows kwa siri), uwe na ile funguo ya uokoaji ya tarakimu 48 kabla hujagusa chochote.

Windows, kwa adabu zake, hujiweka mbele ya foleni. Ukiwa Debian, amri ya efibootmgr -o huirudisha nyuma. Windows isipoonekana kwenye menyu ya GRUB, ujue tangu toleo la 2.06 la GRUB, os-prober, inayotafuta mifumo mingine, huzimwa. Andika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, kisha update-grub tena.

Debian ikisitasita mwanzoni, chungulia /etc/initramfs-tools/conf.d/resume. UUID ya zamani ya swap (patisheni ya kusaidia RAM) hupenda kujificha humo. Ibadilishe, halafu update-initramfs -u, ili faili za mwanzo wa kuwaka zipate UUID hiyo mpya.